Kipandauso Kiulizwe Kabla ya Vidonge

Imekuwa desturi katika baadhi ya maafisi na skuli zetu kumtuhumu mwanamke anayeomba ruhusa kila mwezi kwa maumivu ya kichwa kuwa ni mvivu au anajidekeza. Sisi hatukubaliani na tuhuma hiyo. Dini imemsamehe mwenye hedhi sala; mkuu wa afisi anashindwa kumsamehe saa mbili za kazi.

Mwaka 1972 daktari Brian Somerville wa Australia alionyesha kuwa kipandauso cha hedhi huanzishwa na kushuka kwa homoni ya kike iitwayo estrojeni. Alipowadunga wagonjwa wachache homoni hiyo, maumivu yalichelewa, ingawa hedhi yenyewe ilikuja kwa wakati wake. Ndiyo maana wavulana na wasichana huumwa takriban sawa kabla ya kubaleghe, na baada ya hapo wanawake wakawa mara mbili hadi tatu ya wanaume. Ndiyo maana pia wajawazito wengi hupata nafuu baada ya miezi mitatu ya mwanzo, na wengine wengi hupumzika nacho hedhi inapokoma.

Lakini liko jambo zito kuliko ruhusa ya kazi. Baadhi ya wenye kipandauso, kabla ya kichwa kuanza kuuma, huona vimulimuli au mistari ya mwanga iliyopindapinda, na wengine hufa ganzi mkono au uso. Mwanamke wa namna hiyo yumo katika hatari ya kiharusi kuliko wenzake, na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huizidisha hatari hiyo. Shirika la Afya Duniani limeelekeza asipewe kabisa, awe na umri wowote. Njia nyingine zipo, kikiwemo kitanzi cha shaba ambacho hakina homoni hata chembe.

Basi swali moja lisikosekane katika kituo chochote, kutoka Makunduchi hadi Konde: "Mama, kabla ya kichwa kukuuma, huona vimulimuli?" Halihitaji mashine wala fedha za kigeni. Tunaitaka Wizara ya Afya ihakikishe linaulizwa, na muuguzi alisubiri jibu lake, kwani akina mama wengi huona haya kusema wasiloulizwa. Wenye maduka ya dawa nao waulize, hasa pale mume anapotumwa kununua vidonge, na akiwa hajui jibu arudi nyumbani akamuulize mkewe.