Tusafishe Maji Kabla ya Kuongeza Samaki



Juma hili ningependa tutafakari juu ya maji yetu. Maji ya Uluguru hayaishii Morogoro. Mto Ngerengere hushuka kutoka milimani, huingia Bwawa la Mindu linaloupatia mji wetu maji, kisha huendelea hadi kuungana na Ruvu, mto unaotegemewa na Dar es Salaam. Basi, amwagaye uchafu huku juu humwagia jirani asiyemjua.

Nayasema haya kwa sababu ufugaji wa samaki unawavutia vijana wetu. Hujenga tangi, hununua vifaranga vya sato au kambare, na maji yakichafuka huyamwaga mferejini na kufungulia mengine. Wakati wa kiangazi, hayo mengine yatatoka wapi?

Ipo njia ya kuyasafisha maji na kuyarudisha tangini. Samaki hutoa amonia kupitia mashavu yao, na mabaki ya chakula yanapooza huiongeza, ikizidi, huwaua. Lakini wapo bakteria wanaoishi juu ya kokoto. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, yenye madhara madogo zaidi kwa samaki na iliyo mbolea kwa mchicha. Kwanza maji hutuama ili kinyesi kizame, ndipo hupita kwenye kokoto, hupata hewa na kuwarudia samaki.

Kazi hii yadai subira, kwani bakteria hao huhitaji majuma kadhaa ili waenee. Anayejaza samaki tangini siku ya kwanza, au anayewamiminia bakteria maji yenye klorini, aweza kuamka asubuhi na kukuta akiba yake yote inaelea. Tena, pampu huhitaji umeme wa uhakika. Mtambo mkubwa si wa kila mtu.

Rai yangu ni hii: vikundi vyetu vitenge fedha za kokoto na za vipimo vya amonia kabla ya fedha za vifaranga. Samaki wachache katika maji safi wana faida kuliko wengi wanaokufa. Nasi tuishio karibu na chemchemi tuna deni kwa mama akingaye ndoo yake kule chini.

Nawatakia Dominika njema.