Diski haijafa, mkague karani wake

Oktoba 14, 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Kompyuta nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11, na ndiyo sababu watu wanageukia Linux, mfumo wa bure unaofuata mfano wa Unix, ulioanzishwa na mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, mwaka 1991. Kwa mzazi wa Litein au Sotik ambaye bonasi ya chai imekwisha kugawanywa kati ya karo, mbolea na deni la duka, kompyuta ya mitumba yenye Linux ni msaada mkubwa kwa kijana aliye chuoni.

Lakini kuna kikwazo kimoja kinachowatoa watu jasho. Kijana huchomeka flashi yenye Ubuntu, akafuata maagizo vizuri, na alipofika mahali pa kuchagua diski akakuta patupu. Na Windows ilikuwa ikifanya kazi asubuhi ile ile! Hapo ndipo mzazi huambiwa kwamba diski imekufa, inunuliwe nyingine. Tafadhali, usitoe hata senti kabla ya kusoma haya.

Diski haizungumzi na mfumo moja kwa moja. Kati yao kuna kontrola, ambayo ni kama karani wa kituo cha kununulia majani chai. Majani yapo na yamepimwa, lakini karani akiandika daftari kwa mtindo asioujua dereva wa lori, dereva ataondoka akidhani kituo ni kitupu. Katika kompyuta nyingi zenye chipu za Intel, kontrola huwa imewekwa katika mtindo wa RAID, ambao mara nyingi Linux haiusomi. Mtindo inaouelewa vyema ni AHCI.

Basi fanya hivi. Kwanza, nakili picha, vyeti na hesabu zako zote kwenye diski ya nje au flashi. Pili, washa kompyuta na uingie katika BIOS: Dell hutumia kitufe cha F2, HP F10, na ThinkPad F1. Tazama kama jina la diski limeandikwa humo. Likiwapo, diski ina uhai. Lisipokuwapo, hapo sasa ndipo pa kumwita fundi akague waya na diski yenyewe. Tatu, tafuta sehemu ya SATA au hifadhi, ubadilishe RAID iwe AHCI, uhifadhi, kisha urudie kuweka Linux.

Tahadhari ni mbili. Ikiwa kompyuta ina diski mbili zilizounganishwa kweli kwa RAID, usibadilishe lolote, maana data yaweza kupotea. Na kama unataka kubaki na Windows kando ya Linux, kwanza iagize Windows iwake katika hali ya usalama, ile ya Safe Mode, ndipo ubadilishe. La sivyo huenda ikakataa kuwaka. Uwe pia na ufunguo wa BitLocker mkononi, kwani unaweza kuulizwa.

Tena, sisi wa nyanda za chai twaijua mvua ya mawe na radi ya alasiri. Stima ikipotea diski ikiwa katikati ya kuandikwa, kazi huharibika. Jaza betri kwanza, na ufanye kazi hii asubuhi.

Fundi mwaminifu hatakasirika ukimwuliza, "Je, umetazama AHCI?" Akikasirika, beba kompyuta yako. Pesa ya diski mpya yaweza kuwa nauli ya kijana kurudi chuoni, na haraka haraka haina baraka.