Fedha Ngeni Isilale Sandukuni

Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini, ndugu wanachama, akiba ya fedha ngeni yaweza kuoza. Tarehe 1 Juni 2019 Benki Kuu ya Kenya ilitangaza ya kuwa noti zake za zamani za shilingi 1,000 zitakoma kutumika tarehe 30 Septemba. Mwezi ule ule wa Juni benki kuu za Tanzania na Uganda zikasimamisha kuibadili shilingi ya Kenya. Shabaha ilikuwa kuwanasa wenye fedha haramu. Walakini hata aliyeweka mshahara wake wa halali sandukuni kupita siku ile alibaki na karatasi tupu. Basi twawasihi: arudiye kutoka safarini na abadili fedha yake mpakani, kabla hajafika penye benki isiyoitaka.