Anayeuza pikipiki asaidie njia, lakini zawadi isifute deni

Jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, lina njia za pikipiki za theluji zenye urefu wa zaidi ya kilometa 35,000. Sehemu kubwa ya njia hizo inatunzwa na vyama vya wakaaji wenye kujitolea. Ni kama salongo ya wakati wa baridi: wanakata miti iliyoanguka, wanatengeneza vidaraja, wanasimamisha alama, na mara nyingi usiku wanapitisha mashine ya kusawazisha theluji. Pale njia inapokatiza shamba la mtu, chama ndicho kinachoenda kumuomba ruhusa.

Kampuni ya Polaris, iliyoanzishwa mwaka 1954 huko Roseau, katika jimbo hilo hilo, inaunda na kuuza pikipiki hizo. Tangu mwaka 2006 inatoa misaada ya pesa kwa vyama vya namna hiyo. Chama kinaandika ombi na kueleza kazi kinayotaka kufanya: kutengeneza njia, kulinda mazingira ama kufundisha waendeshaji usalama.

Wako watakaosema ni biashara tu. Ni kweli, kampuni haipotezi kitu. Njia ikifungwa, nani atanunua pikipiki? Lakini ubaya hauko hapo. Faida ya kampuni na faida ya mkaaji zikikutana kwenye daraja moja, daraja linajengwa. Tena pesa inaenda kwa watu ambao tayari wako kazini.

La kuangalia zaidi ni hili: huko Minnesota zawadi haikuchukua nafasi ya sheria. Serkali ya jimbo inakusanya ada ya kuandikisha pikipiki pamoja na sehemu ya kodi ya esansi, kisha inazirudisha kwenye njia kupitia vyama hivyo. Kampuni inaongeza juu yake. Zawadi inategemea moyo wa mtoaji, na siku biashara inaanguka, zawadi inaweza kukoma. Kodi haingoji moyo wa mtu.

Kongo haihitaji njia za theluji, inahitaji barabara. Na sheria ziko. Mfuko wa matengenezo ya barabara, FONER, uliundwa mwaka 2008, na dereva anauchangia kila anaponunua mafuta na kila anapolipa kwenye kizuizi cha peaje. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inadai kila kampuni inayochimba itoe angalau asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wa eneo la machimbo.

Hiyo si zawadi, ni deni. Kwa hiyo kampuni ya madini inapozindua daraja mbele ya kamera, wakaaji wana haki ya kuuliza swali moja: daraja hili liko ndani ya ile asilimia 0.3, ama ni juu yake? Kama liko ndani, shukrani ziende kwa sheria. Kama ni juu, kampuni ishukuriwe kwa sauti.

Na ili jibu lijulikane, hesabu zibandikwe ukutani, kwenye ofisi ya chefferie, mahali ambapo hata yule anayeziba mashimo kwa jembe lake anaweza kuzisoma.