Paa Kwanza, Paneli Baadaye

Vyuo vyetu vya zamani, vile vilivyojengwa wakati wa ukoloni na katika miaka ya mwanzo ya uhuru, sasa vinaahidiwa paneli za jua. Ahadi hiyo twaipokea kwa mikono miwili. Lakini wahenga walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Ikiwa paneli zitapandishwa juu ya paa bovu, huku darasa lililo chini yake likiendelea kuwa tanuri, kidonda kitakuwa chetu sisi tunaofundisha na vijana wanaofundishwa.

Neno letu ni moja: paa litengenezwe kwanza, ndipo paneli zifuate.

Tutoe sababu. Kampala imekaribiana sana na mstari wa Ikweta. Huko jua la mchana hupita juu ya utosi, hasa katika miezi ya Machi na Septemba. Kwa hiyo mzigo mkubwa wa joto hauchukuliwi na kuta bali na paa. Wenzetu wa Ulaya huzivika kuta zao matandiko mazito ili joto la ndani lisitoroke wakati wa baridi, nao wana haki, kwani baridi ndiyo adui yao. Adui yetu sisi hushukia batini. Anayetuletea mpango wa Ulaya bila kuugeuza ni sawa na mtu amfunikaye blanketi mwenzake anayetokwa na jasho.

Dawa yetu ni nyepesi zaidi: dari iliyo nzima, tabaka la kukinga joto kati ya dari na bati, rangi nyeupe juu ya paa, na matundu ya hewa yaliyo wazi. Elimu hii si ngeni. Maxwell Fry na Jane Drew, wasanifu waliochora majengo ya chuo cha Ibadan, Nigeria, walitoa kitabu juu ya ujenzi wa nchi za joto mwaka 1956. Majengo mengi ya rika hilo yalifanywa membamba, yenye baraza na kuta za matofali ya matundu, ili upepo uingie huku na kutokea kule. Basi anayeyaziba matundu hayo kwa mbao, kisha akadai kiyoyozi, anaukata mkono kisha anaomba fimbo ya kushikia.

Sisi walimu wa lugha tuna sababu nyingine tena. Mvua ikinyesha juu ya bati lisilo na dari, somo limekwisha. Mwanafunzi atasikiaje tofauti ya *dhana* na *zana*, ikiwa sauti ya mwalimu haifiki safu ya pili? Tabaka lile lile lizuialo joto hupunguza na kishindo cha mvua. Hakuna paneli iwezayo kazi hiyo.

Watakuwapo wa kutujibu kwamba paneli zina faida. Hatubishi. Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, kilifunga paneli za kilowati 600 hivi juu ya mapaa yake mwaka 2014, na mfano huo ni mwema. Lakini hata paneli yenyewe haipendi joto: kadiri inavyopata moto ndivyo nguvu yake inavyopungua. Tena paneli hutazamiwa kudumu miaka 25 au zaidi. Je, kenchi zilizoliwa na mchwa zitafika huko? Ikibidi bati ling'olewe baada ya miaka mitano, paneli nazo zitateremshwa, na gharama italipwa mara mbili.

Na liko jambo la hatari. Baadhi ya mapaa ya zamani ni ya asbesto, ambayo vumbi lake huleta saratani. Kuyatoboa ili kufunga vyuma vya paneli ni kuwamwagia wanafunzi sumu. Nyaya kuukuu nazo zikaguliwe kabla ya kuongezewa kazi. Jengo Kuu la Makerere, lililosimama tangu mwaka 1941, liliungua Septemba 2020, likafunguliwa tena mwaka 2024. Chanzo chochote kiwacho, moto hautazami heshima ya jengo.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, pasifungwe paneli hata moja kabla fundi hajapanda darini na kuandika aliyoyaona. Pili, fedha za dari na kinga ya joto ziwekwe katika mkataba ule ule wa paneli, zisiachiwe bajeti ya mwakani. Tatu, litengwe fungu la matunzo, kwani betri huchoka mapema kuliko paneli, na paneli isiyo na betri haiwashi taa ya maktaba usiku umeme ukikatika.

Twajua paneli huonekana barabarani, na mgeni rasmi hupiga picha mbele yake. Dari haipigwi picha. Lakini sisi hatufundishi barabarani. Twafundisha chini ya dari. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na anayepamba paa linalovuja atajenga paa na mapambo yake pia.