Soli za Sponji: Je, Zastahili Fedha Zako?

Katika mitaa ya Kariakoo na kandokando ya vituo vya mabasi mjini Dar es Salaam, wachuuzi hutandaza soli za ndani za viatu za kila namna: za sponji, za mpira laini unaobonyea kama jeli, na hata zilizobandikwa vijisumaku. Muuzaji hodari atakuambia kuwa zaondoa maumivu ya nyayo, magoti na mgongo. Mfanyakazi aliyesimama juu ya sakafu ya saruji tangu asubuhi, awe muuguzi, mlinzi au muuza duka, hushawishika kwa urahisi. Hata hivyo, fedha hizo hutoka katika mfuko ule ule unaonunua sukari na madaftari ya watoto. Hivyo ni haki ya msomaji kujua anachonunua.

Mguu mmoja, kutoka kifundo hadi vidoleni, una mifupa 26. Chini ya kisigino Mwenyezi Mungu ameweka mto wa mafuta unaopokea kishindo cha kila hatua, nao hupungua unene kadiri umri unavyosogea. Soli laini huongezea mto huo msaada na kuutawanya uzito wa mwili mahali papana zaidi. Basi kwa mtu mwenye miguu mizima, ambaye kiatu chake ni chembamba na kazi yake ni ya kusimama, soli ya bei ya wastani yaweza kumpa raha ya kweli. Raha hiyo haidharauliki, ingawa haitibu ugonjwa.

Wanunuzi wa viatu vya mtumba wana sababu nyingine, na kwa maoni yangu ndio wanaozihitaji soli hizi kuliko watu wote. Kiatu kilichovaliwa na mtu mwingine kwa miaka kadhaa hubeba umbo la mguu wake. Itoe soli ya ndani uitazame: utaona shimo la kisigino chake na alama za vidole vyake. Wewe unapokivaa, mguu wako hulazimishwa kufuata mashimo ya mgeni. Kuitupa soli hiyo na kuweka mpya ni usafi, na pia ni faraja. Lakini kikague kwanza kiatu chenyewe kwa kukiweka juu ya meza. Ikiwa kisigino kimelika upande mmoja na kiatu kimeinama, sponji haitakinyoosha. Mpelekee fundi viatu, au uache kukinunua.

Kosa la kawaida ni kuweka soli mpya juu ya ile ya zamani. Kiatu hujaa, vidole hubanwa, na baada ya wiki chache mtu hupata sugu ambazo hakuwa nazo. Toa ya zamani kwanza, kisha ujaribu jioni, wakati miguu imevimba kidogo kwa kazi za kutwa. Mbele ya kidole kirefu pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Kisha ibonyeze soli yenyewe kwa nguvu: isiporudi upesi katika unene wake, itakuwa bapa kama chapati kabla ya mwezi kwisha. (Wapo wanaokata vipande vya godoro kuukuu. Hivyo huwa bapa siku ile ile.)

Tuje kwenye ahadi kubwa za wauzaji. Kuhusu sumaku, wataalamu wa Mayo Clinic nchini Marekani walichapisha mwaka 2003 matokeo ya jaribio kwa watu wenye maumivu ya kisigino. Baadhi walipewa soli zenye sumaku, wengine soli za namna ile ile zisizo na nguvu ya sumaku. Katika makundi yote mawili wapo waliopata nafuu, lakini wenye sumaku hawakuwapita wenzao. Kuhusu mgongo, uchunguzi wa tafiti mbalimbali uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kuwa soli hazizuii maumivu hayo.

Maumivu ya kisigino yanayomchoma mtu anapokanyaga chini asubuhi, kisha yakapungua anapotembea, aghalabu hutokana na ule utando mnene unaounganisha kisigino na vidole. Jaribio lililofanywa Australia na kuchapishwa mwaka 2006 lilionyesha kuwa soli imara zinazoinua uvungu wa unyayo zilisaidia kidogo katika miezi 3 ya kwanza, lakini baada ya miezi 12 hapakuwa na tofauti ya maana. Tena zile zilizotengenezwa kwa kipimo cha mgonjwa hazikuzishinda zile za tayari. Kwa hiyo asikudanganye mtu kuwa ya bei kubwa ndiyo dawa. Kuegemea ukuta na kunyoosha misuli ya nyuma ya mguu kila siku husaidia, na hakuna gharama.

Mwenye kisukari hahusiki na biashara hii ya barabarani hata kidogo. Ugonjwa huo waweza kuua hisia za nyayo, na soli inayobana au kukunjamana ikamchubua pasipo yeye kujua. Kidonda kidogo kikipuuzwa chaweza kumgharimu mguu. Yampasa kukagua nyayo zake kila jioni, na akihitaji soli aulizie hospitalini. Wapo mafundi waliosomea kazi hiyo. Chuo cha TATCOT kilichopo Moshi kimekuwa kikiwafunza tangu mwaka 1981.

Kwa wengine wote, soli ikishanunuliwa itolewe kiatuni kila usiku ipate hewa, na ioshwe mara kwa mara kwa sabuni. Ianikwe kivulini, kwani jua kali hukausha sponji ikapasuka. Isirudishwe kiatuni ikiwa mbichi, maana fangasi hupenda unyevu.