Fizi: Mafunzo ya wakubwa wa afya yafike hadi kitandani mwa mgonjwa

LUBONDJA, FIZI – Kila semina ya afya inapoitishwa mjini, pikipiki zinateremka kutoka vijiji vya Fizi zikiwa zimebeba wauguzi wakuu wa vituo. Wanakaa siku tatu, wakati mwingine tano. Wanaandika, wanakula, wanapewa posho ya safari na cheti, kisha wanarudi. Daftari linaingia kabatini. Kesho yake mama mjamzito anapokelewa namna ileile ya mwaka jana, na mtoto wa familia iliyokimbia vita vya nyanda za juu anachomwa sindano na mtu ambaye hakuambiwa neno hata moja la yale yaliyofundishwa.

Hayo si mafunzo. Ni matembezi yenye cheti, na anayeyalipia ni mgonjwa.

Ieleweke vizuri nini kinadaiwa hapa. Hakuna anayesema wakubwa wa afya wasisome. Daktari mkuu wa zoni ya afya, wasimamizi wake, muuguzi mkuu wa kituo, mkunga mkubwa wa jumba la uzazi, wote wanapaswa kusoma mpaka siku wanapostaafu. Swali ni wanasoma wapi, wanasoma nini, na nani anaonja matunda yake. Usalama wa mgonjwa maana yake ni jambo moja tu: aliyekuja kutafuta uzima asidhurike na huduma yenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, wagonjwa wa hospitali wanapata madhara ya namna hiyo mara milioni 134 kila mwaka, na vifo milioni 2.6 vinahusiana nayo. Hao hawakuuawa na ugonjwa peke yake. Walidhurika mikononi mwa waliotaka kuwaponya.

Kongo inalijua somo hilo kuliko nchi nyingi. Mwaka 1976 kule Yambuku, katika jimbo la Ekweta la wakati huo, hospitali ya misheni ilikuwa inatoa bomba tano za sindano kila asubuhi kwa kazi ya siku nzima. Zilisuuzwa kwa maji ya uvuguvugu, kisha zikatumika kwa mgonjwa mwingine. Ebola ikapita humo. Watu 318 waliugua, 280 walikufa, na kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali walikufa 11. Watu wa Yambuku walikuwa wanafanya kazi kwa moyo. Kilichokosekana ni mtu mwenye madaraka wa kusimama na kusema: hapa tunakosea, tuache. Mwaka 1995 kule Kikwit, Ebola ilipita tena hospitalini na kuua wauguzi na waganga wengi. Mwaka 2019 ilifika Mwenga, jirani na Fizi. Na tangu mwaka 2023 mpox ya aina mpya imetokea Kamituga, katika Mwenga ileile. Anayedhani mambo hayo ni ya mbali aangalie ramani.

Wapo wanaojibu haraka: mafunzo ya nini, wakati dawa hakuna na wauguzi wengi wa serikali hawapati mshahara? Jibu hilo lina ukweli, na ukweli huo ni aibu ya serikali. Muuguzi anayeishi kwa pesa ya mgonjwa hawezi kulaumiwa kama anayelipwa. Mshahara udaiwe, na udaiwe kwa sauti kubwa. Lakini jibu hilo limegeuka kuwa blanketi la kufunikia kila kosa, hata lile lisilohitaji franka moja kulirekebisha.

Mfano mmoja unatosha. Oksitosini ndiyo dawa inayozuia mama kuvuja damu nyingi baada ya kuzaa. Inatakiwa kukaa kwenye baridi, kati ya nyuzi 2 na 8. Ikiachwa rafuni kwenye joto, nguvu yake inapungua, ingawa chupa haionyeshi mabadiliko yoyote. Mkunga anachoma sindano, anaamini ametoa dawa, na damu inaendelea kutoka. Familia inasema ni uchawi. Kumbe katika vituo vingi friji ya chanjo ipo, hatua chache tu kutoka chumba cha kuzalia, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walisema wazi kwamba oksitosini inaweza kuwekwa ndani ya friji hiyo, mradi itenganishwe vizuri na chanjo. Kinachohitajika ni mkubwa anayejua jambo hilo na kuwaambia walio chini yake. Hali ni hiyohiyo kwa maji ya klorini, ambayo yanatakiwa kutengenezwa upya kila siku. Ndoo ya juzi mlangoni ni pambo tu, na Fizi ni nchi ya kipindupindu.

Basi mafunzo ya kweli yangekuwaje? Yangefanyika kituoni, mara moja kila mwezi, daftari la wagonjwa likiwa wazi mezani. Nani alikufa mwezi huu? Alifika saa ngapi? Alipewa nini, na nani? Wapi ilichelewa? Msimamizi wa zoni angekuja, lakini angekaa chumba cha uzazi badala ya kusaini kitabu cha wageni na kurudi. Aliyekwenda semina angewafundisha wenzake wote, pamoja na anayefagia, kwa sababu ndiye anayeosha damu. Kuna hata orodha ya uzazi salama ya Shirika la Afya Duniani, iliyotolewa mwaka 2015: inamtaka mkunga asimame na kukagua mara nne, mama anapoingia, kabla ya kusukuma, mara tu baada ya kuzaa, na kabla ya kwenda nyumbani. Ni karatasi tu. Haina mtambo wala haitaki umeme.

Wala si ndoto. Ng'ambo ya ziwa, nchini Tanzania, Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza mwaka 2007 njia kutoka Japani iitwayo 5S-KAIZEN, ambayo wafanyakazi wenyewe wanapanga vitu, wanasafisha, wanatafuta kasoro za idara yao na kuzirekebisha kidogo kidogo. Njia hiyo ikaenea katika hospitali nyingine nyingi za nchi hiyo. Ilianzia mahali pa kazi.

Lakini kuna jambo la pili, na hili linawahusu wakaaji na familia zilizohama. Mkubwa wa afya hawezi kujifunza kutokana na kosa ambalo anaogopa kulitaja. Mtoto akifa kituoni, mara nyingine ndugu wanakuja na fimbo. Mahali penye bunduki wanakuja na bunduki. Mwezi wa Desemba 2020 shirika la MSF, lililokuwa limehudumia Fizi kwa miaka mingi, lilitangaza kuacha kazi zake katika wilaya hii kwa sababu ya mashambulizi dhidi ya watu wake. Nani aliumia? Si waliofyatua risasi. Waliumia mama na watoto. Muuguzi anayetishwa atafuta jina kwenye daftari, na kosa lilelile litarudi kwa mtoto mwingine. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Hii haina maana kwamba wananchi wanyamaze. Maana yake ni waulize, na waulize mahali panapofaa: kwenye halmashauri ya afya ya eneo lao, mbele ya muuguzi mkuu. Familia zilizohama ziwe na mtu wao ndani ya halmashauri hiyo, kwa kuwa wao ndio wanaokaa mwisho wa foleni na wa kwanza kuambiwa dawa imekwisha. Maswali ni mepesi. Aliyekwenda semina amewafundisha akina nani? Oksitosini inakaa wapi? Maji ya klorini yametengenezwa lini? Waliokufa mwezi uliopita walizungumziwa?

Kwa zoni za afya na mashirika yanayolipia semina, dai ni moja. Nusu ya pesa za hoteli, posho na mabango zipelekwe kwenye pikipiki ya msimamizi, mafuta yake, na siku zake za kukaa vituoni. Cheti kisitolewe siku ya mwisho ya semina. Kitolewe baada ya miezi mitatu, msimamizi akiwa ameona kwa macho yake kilichobadilika.

Tarehe 17 Septemba kila mwaka ni Siku ya Usalama wa Mgonjwa Duniani. Mwaka huu pia kutakuwa na hotuba na fulana mahali fulani. Mama anayeshikwa na uchungu usiku katika milima ya Lubondja hahitaji fulana. Anahitaji dawa iliyokaa kwenye baridi, na mkunga ambaye mkubwa wake alimfundisha kwa nini.